Kitabu cha kusoma kidogo kidogo kila mangaribi: tuchague namna gani kwa watoto wetu?



Siku ya posho iliyopita, mkutano wetu ulipokuwa karibu kwisha na kila mtu ameanza kukunja kitenge chake, mama mmoja aliomba neno. Alisema amekata tamaa. Alimnunulia binti yake wa miaka mitano kitabu kizuri, chenye picha, na bei yake ilimgharimu sambaza za majuma mawili. Mangaribi tatu alikaa naye kando ya mbabula akamsomea. Mangaribi ya kwanza mtoto alicheka kidogo. Ya pili alianza kuchezea kamba ya kiatu. Ya tatu alikimbilia nje kwa wenzake. Mama akamalizia kwa kusema: “Mtoto wangu hapendi vitabu. Pengine si wa masomo.”

Mama mwingine, jirani yake wa kartie, akashangaa. Wa kwake ana miaka minne na nusu, na kila siku, hata kabla bugali haijaiva, anauliza: “Mama, sungura iko wapi sasa?”

Tuliwaomba wote wawili walete vitabu vyao. Tulipoviweka juu ya meza na kuvifungua, jibu lilionekana wazi. Hakuna mtoto aliyekosa akili pale. Kitabu kimoja kilikuwa cha umri wao, kingine hakikuwa. Ndiyo sababu juma hili tumeamua kuandika juu ya jambo hili, kwa maana tunajua si mama huyo peke yake. Wengi wetu tumekwisha kusema maneno yale yale juu ya mtoto, kumbe kosa lilitokea siku ile tuliposimama mbele ya muuza vitabu.

Kitabu cha sura ni kitabu gani?

Watoto wa maternelle, wale wa miaka mitatu mpaka mitano, wamezoea vitabu vyembamba vya picha. Unakifungua, unasoma, dakika tano kimekwisha. Hivyo ni vizuri, tusiviache. Lakini kuna kitabu cha namna nyingine, kile kilichogawanywa kwa sura, kama Biblia ilivyo na sura zake. Leo unasoma sura moja, unafunga kitabu, kesho unaendelea. Hadithi moja inaweza kukaa nyumbani mwenu mwezi mzima.

Wengine wanafikiri kitabu cha namna hiyo ni cha mtoto anayejua kusoma mwenyewe. Sivyo. Macho ya mtoto wa miaka mitano bado hayajui herufi, lakini masikio yake yamekwisha kukomaa. Anaelewa kwa kusikia mambo mengi ambayo hataweza kuyasoma kwa miaka mingine mitatu au minne. Na sisi tuliozaliwa kijijini tunalijua hilo. Nyanya zetu hawakuwa na kitabu, lakini walikuwa na hadithi ndefu za sungura na fisi ambazo hazikwisha siku moja. Moto ulipopungua walikata pale pale fisi alipoingia shimoni, wakasema: “Mengine kesho.” Tulilala tukimfikiria fisi. Kitabu cha sura kinafanya kazi ile ile. Kinamfundisha mtoto kukumbuka ya jana, kungojea ya kesho, na kumfuata mtu mmoja katika taabu na furaha yake mpaka mwisho.

Tena kuna faida nyingine ambayo haiandikwi popote. Kwa dakika kumi, mama ameketi. Hapigi hesabu ya soko, hafui, hajibu telefone. Mtoto anajua dakika hizo ni zake.

Majaribio matano kabla ya kutoa franka

Baada ya kujaribu vitabu vingi katika nyumba zetu, tumekubaliana juu ya mambo matano. Yafanyeni mkiwa mmesimama mbele ya muuza vitabu, hata akikunja uso.

La kwanza, pima urefu wa sura. Fungua katikati, hesabu kurasa za sura moja. Kwa mtoto wa miaka minne, sura isipite dakika kumi za kusoma kwa sauti. Ukurasa mmoja uliojaa maneno unachukua karibu dakika mbili. Kwa hiyo sura ya kurasa nne au tano inatosha. Sura ya kurasa kumi na tano utaikata katikati, na si kila mahali panakatika vizuri.

La pili, kisome kwa kinywa chako. Usikisome kwa macho. Chukua ukurasa mmoja, soma kwa sauti ndogo pale pale. Kama unajikwaa kila mstari, kama sentensi inakumaliza pumzi kabla haijafika mwisho, kiache. Kitabu hiki kitasomwa na wewe, saa moja ya mangaribi, ukiwa umechoka. Kinywa chako ni lazima kikubali.

La tatu, hesabu watu. Katika sura ya kwanza kuna majina mangapi? Mtoto mdogo anaweza kushika wawili, watatu, wanne. Akitajiwa majina manane siku ya kwanza, kesho hatajua nani ni nani.

La nne, tazama kama kuna jambo linalotendeka. Mtoto anafuata matendo: mtu amekwama, amepotea, amekula kisicho chake, anatafuta njia. Kitabu ambamo watu wanazungumza mawazo yao kurasa na kurasa ni kizuri kwa mama, si kwa mtoto.

La tano, soma sura ya mwisho kabla ya kuanza ya kwanza. Hapa wengi wanacheka, lakini ndilo jaribio kubwa. Ujue nani anakufa, nani anapigwa, na mambo yanaishia wapi. Usingojee kuyakuta usiku mbele ya mtoto.

Vitabu tulivyovijaribu

Tuanze na kile kilichomletea sungura mtoto wa jirani. Jina lake ni *La Belle Histoire de Leuk-le-Lièvre*. Kiliandikwa na watu wawili wa Senegal, Léopold Sédar Senghor na Abdoulaye Sadji, kikatoka mwaka 1953 kwa ajili ya wanafunzi wa shule za msingi za Afrika. Senghor ndiye yule aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Senegal mwaka 1960. Leuk ni sungura. Mwanzoni wanyama wanakutana wamtafute mwenye akili kuliko wote, na wanakubaliana kwamba ni yule aliye mdogo kuliko wote. Kila mmoja anadai yeye ni mdogo, naye Leuk anawashinda kwa ujanja, kwa kuwaambia watazame, kwa maana ndiyo kwanza anazaliwa mbele yao.

Kitabu hiki kinapita majaribio yote matano. Sura zake ni fupi sana, nyingine ukurasa mmoja na nusu. Kifaransa chake ni cha mwanafunzi, si cha mwalimu wa chuo kikuu. Simba, fisi, tembo: hakuna mnyama wa kueleza. Na watoto wetu wanamjua sungura huyu tayari. Kule Katanga wanamwita Kalulu, na kila kabila lina jina lake. Mtoto anamsikia mtu wake wa nyumbani ndani ya kitabu, na hilo si jambo dogo.

Cha pili ni *Winnie l’ourson* cha Mwingereza A. A. Milne, kilichotoka mwaka 1926. Kina sura kumi, na kila sura ni tukio linaloanza na kwisha. Kama umeme umekatika juma zima na hamkusoma, hamjapoteza kitu. Dubu si mnyama wa huku kwetu, basi tuliwaambia watoto ni mnyama mnene mwenye manyoya, anayependa asali kupita kiasi. Sura ya pili ndiyo iliyowaua kwa kicheko: Winnie anakwenda kumtembelea sungura, anakula mpaka anashindwa kutoka mlangoni, na inabidi akae pale amekwama juma moja mpaka apungue. Mtoto mmoja wa kikundi chetu sasa akimwona mjomba wake anaongeza bugali, anamwambia: “Angalia mulango, mjomba.” Katika kitabu hiki hakuna mtu mbaya wala kifo. Kwa mtoto wa miaka minne anayeogopa usiku, anzeni hapa.

Cha tatu ni *Les Contes du chat perché* cha Marcel Aymé wa Ufaransa, ambacho hadithi zake za kwanza zilitoka mwaka 1934. Wasichana wawili, Delphine na Marinette, wanaishi shambani na wanyama wanaosema. Wazazi wao ni wakali, na wanyama wanawasaidia au wanawaingiza katika matatizo. Hadithi ni nzuri sana, lakini kila moja ni ndefu, ya mangaribi mbili au tatu, na sentensi zinataka msomaji mwenye pumzi. Tunakiweka kwa watoto wa miaka mitano na nusu kwenda juu, katika nyumba ambamo mtu anasoma Kifaransa bila kusitasita.

Kwa wanaotaka Kiswahili tangu mwanzo, *Hekaya za Abunuwasi* bado kinapatikana katika vitabu vinavyoletwa kutoka Kenya na Tanzania. Si hadithi moja ndefu. Ni visa vingi vya mtu yule yule mjanja, kwa hiyo ni ngazi nzuri kati ya kitabu cha picha na kitabu cha sura. Chagueni visa, kwa maana katika baadhi yake ujanja unakuwa udanganyifu wa kumuumiza mtu, na mtoto mdogo atacheka bila kuelewa.

Pinocchio je? Wengi wanamjua kwa filamu, na wanafikiri kitabu ni kile kile. Hapana. Carlo Collodi alianza kukitoa vipande vipande katika gazeti la watoto la Italia mwaka 1881. Alitaka kukimaliza pale yule kijana wa mti alipotundikwa juu ya mwaloni na wanyang’anyi, lakini wasomaji walitaka kiendelee. Kitabu kamili kilitoka mwaka 1883, na kina sura 36. Kwa kuwa kilitengenezwa kwa gazeti, kila sura inaishia mahali pa kukufanya uulize ya kesho. Na mwanzoni mwa kila sura kuna maneno machache yanayosema litakalotendeka, msaada mkubwa kwa mama anayetaka kujua mbele. Lakini ni kikali. Pinocchio anamuua panzi aliyemshauri, na miguu yake inaungua motoni akiwa amelala. Tunasema: kwa maternelle tafuteni chapa iliyofupishwa, kile kizima kingojee miaka saba.

Kizuri kwa mama, kigumu kwa mtoto

Sasa turudi kwa mama yetu aliyekata tamaa. Kitabu alichonunua kilikuwa *Le Petit Prince* cha Antoine de Saint-Exupéry, kilichotoka mwaka 1943. Hakuna wa kumlaumu. Ukikishika mkononi, kinaonekana cha mtoto: sura 27 fupi fupi, picha za rangi, jina lenye mtoto ndani. Kinapatikana hata kwa Kiswahili, kwa jina la *Mwana Mdogo wa Mfalme*. Kinapita jaribio la kwanza na la pili.

Kinaanguka kwenye la nne. Mtoto yule alicheka mangaribi ya kwanza kwa sababu ya picha ya nyoka aliyemeza tembo, ambayo watu wazima wanaiona kuwa kofia. Baada ya hapo, kitabu ni mazungumzo: juu ya upweke, juu ya urafiki, juu ya watu wazima wanaohesabu nyota kama mali. Sisi wamama tulipokisoma, wengine tulifuta macho. Lakini machozi hayo ni ya mtu aliyekwisha kumwaga machozi mengine. Mtoto wa miaka mitano hana upweke wa namna hiyo, na mwisho wake, pale nyoka anapomuuma mtoto, hataweza kuueleza wala kuusahau. Mwekeeni. Akifika miaka tisa au kumi, mpeni mkononi asome mwenyewe.

Kuna kosa lingine, na hili linatuhusu sisi Wakongomani moja kwa moja. *Fifi Brindacier* cha Astrid Lindgren kilitoka Uswidi mwaka 1945, na ni kitabu ambacho watoto wanakipenda kwa haraka: msichana wa miaka tisa anayeishi peke yake na farasi na tumbili, mwenye nguvu za kumwinua farasi kwa mikono yake. Lakini katika chapa za zamani, baba yake ni mfalme wa watu weusi katika kisiwa cha mbali, na watu hao wanatajwa kwa namna ya kudharau. Katika tafsiri moja ya zamani ya Kiingereza, Fifi anasema kwamba huko Kongo hakuna mtu anayesema kweli, wanadanganya kutwa. Ni mzaha, na kitabu chenyewe kinaonyesha kwamba mwongo ni Fifi. Lakini mtoto wetu, aliyezaliwa Bukavu, atausikiaje mzaha huo akiwa kwenye magoti ya mama yake? Waswidi wenyewe waliliona, na katika chapa yao ya mwaka 2015 baba huyo akawa mfalme wa bahari ya kusini.

Hatusemi kichomwe. Tunasema chapa mpya ni bora kuliko ya zamani, na mama asome mbele. Vitabu vingi tunavyopewa vimetoka katika makabati ya Ulaya, vilivyokwisha kusomwa miaka arobaini iliyopita. Tunashukuru aliyevituma. Lakini aksanti haitukatazi kufungua na kutazama kilichomo.

Sura yenye kifo

Hapa tulibishana sana, na hatukumaliza siku moja.

Kitabu ni cha Mmarekani E. B. White, cha mwaka 1952. Kwa Kifaransa kinaitwa *Le Petit Monde de Charlotte* katika chapa moja, na *La Toile de Charlotte* katika nyingine. Nguruwe mdogo, Wilbur, ataishia kuchinjwa. Buibui anayeishi juu ya mlango wa zizi, Charlotte, anakuwa rafiki yake, na anamwokoa kwa kuandika maneno katika utando wake, mpaka watu wote wanakuja kumshangaa nguruwe huyo. Sura 22, na karibu kila moja inasomeka katika dakika kumi au kumi na tano. Na karibu na mwisho, Charlotte anakufa. Amekwisha kutaga mayai yake. Wilbur anayachukua, anayatunza wakati wote wa baridi, na watoto wa buibui wanapototoka, wengi wanachukuliwa na upepo. Watatu wanabaki naye.

Mama mmoja wetu alifika kwenye sura hiyo na akaogopa. Nyanya ya watoto alikuwa amefariki nyumbani mwao miezi michache kabla. Alituambia alitaka kuruka kurasa, aseme tu kwamba Charlotte alikwenda safari. Wengine walimwunga mkono: watoto wetu wameona vifo vya kutosha, kwa nini tuvilete tena ndani ya hadithi ya usiku? Wengine wakasema: ndiyo sababu hasa, wameviona, na hakuna aliyewapa nafasi ya kuviuliza. Siku ya maziko watoto wanapelekwa kwa jirani, na jioni wanaambiwa wanyamaze.

Mwishowe alisoma kama ilivyoandikwa, lakini alifanya mambo matatu. Hakuisoma usiku, aliisoma mchana, siku ya Mungu, baada ya chakula. Alisoma sura ya kifo na ile inayofuata pamoja, asimwache mtoto alale katikati. Na alipomaliza alinyamaza, hakutoa mafundisho. Kijana wake wa miaka mitano alikaa kimya, halafu akauliza: “Na wale batoto ya Charlotte, walimujua mama yao?” Mama akajibu hapana, lakini Wilbur aliwasimulia. Mtoto akafikiri tena, akasema: “Basi na sisi tutamusimulia mutoto,” akionyesha dada yake wa miezi minane, ambaye hatamkumbuka nyanya yake.

Hatutoi sheria. Mama anajua moyo wa mtoto wake. Kama kidonda bado kibichi, kitabu hiki kinaweza kungojea mwaka. Tunachosema ni kwamba usimdanganye mtoto juu ya kilichoandikwa. Siku moja atajua kusoma, na atakikuta.

Kifaransa au Kiswahili?

Swali hili linakuja kila mara. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba, na katiba ya mwaka 2006 inalisema hilo. Lakini lugha ya masomo ni Kifaransa, na wazazi wanataka mtoto akizoee mapema. Tena vitabu vingi vya sura tunavyovipata hapa ni vya Kifaransa.

Tulijaribu njia tatu. Kusoma Kifaransa peke yake: mtoto asiyekisikia nyumbani anachoka kwa siku mbili. Kusoma sentensi moja na kuitafsiri papo hapo: hadithi inakatika katika kama umeme wetu. Njia ya tatu ndiyo iliyodumu. Mama anasoma sura mwenyewe mchana, hata akiwa sokoni akingojea wateja. Mangaribi anafungua kitabu, anasoma mistari michache ya mwanzo kwa Kifaransa, mtoto asikie sauti yake, halafu anasimulia sura yote kwa Kiswahili, kidole kikifuata kurasa. Maneno mawili matatu yanayorudi rudi anayaacha kwa Kifaransa. Baada ya sura kumi, mtoto anayasema mwenyewe.

Msiwe na haya juu ya Kiswahili. Kuelewa hadithi ndefu ni kazi ya akili, na akili inaifanya vizuri zaidi kwa lugha inayoijua. Mtoto aliyezoea kufuata hadithi kwa Kiswahili atajua kuifuata kwa Kifaransa baadaye.

Na mama ambaye hakusoma?

Mama mmoja alituita kando akasema: “Mnazungumza vitabu, mimi hata jina langu naandika kwa taabu.” Tumefurahi alisema, kwa maana wengine wananyamaza na kuacha kuja.

Nyumbani kwake msomaji ni binti wa mwaka wa tano wa masomo ya msingi. Yaya anasoma, wadogo wanasikiliza. Lakini mama si mgeni pale. Yeye ndiye mwenye hadithi. Kabla ya kuanza anauliza: “Jana tuliishia wapi?” Mtoto mdogo ni lazima ajibu, kitabu hakifunguliwi mpaka amejibu. Yaya akienda mbio, mama anamsimamisha: “Rudia, sikuona huyo fisi alipita wapi.” Na sura ikiisha anauliza: “Mnafikiri kesho itakuwaje?” Kazi hizo tatu hazihitaji kujua herufi hata moja. Yaya naye, kwa kusoma kwa sauti kila siku, amepanda darasani, na mwalimu wake ameona.

Kupata kitabu bila kuumiza mfuko

Kitabu kimoja cha sura kinakaa nyumbani karibu mwezi, kisha kinaweza kwenda kwa mwingine. Kwa hiyo hakuna haja ya kila nyumba kununua kila kitabu. Wale wenye likirimba waliamua kwamba zamu moja kwa mwaka isiende kwa mtu, iende kwenye vitabu. Wamama kumi na wawili, vitabu vitano, na daftari la kuandika kiko kwa nani. Aliyekipoteza anakirudisha. Kila kitabu kinavalishwa gazeti au plastiki, kwa sababu ya moshi wa mbabula na mikono ya mafuta.

Ulizeni pia katika maktaba za parokia na za shule. Mara nyingi vitabu viko kabatini, hakuna anayeviomba. Na mwenye telefone nzuri anaweza kufungua African Storybook, ambako kuna hadithi za bure kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, za kusoma na hata za kuchapisha. Ni fupi, lakini ukichagua tano zenye mnyama yule yule na kuzishona pamoja, umepata kitabu chako cha sura cha kwanza.

Mambo madogo ya mwisho. Chagueni saa moja isiyobadilika, giza likiisha kuingia. Mvua ikipiga juu ya manjanja mpaka sauti haisikiki, msipige kelele. Mwambieni mtoto awasimulie yeye ya jana. Na kitabu kikikataa baada ya sura tatu, kifungeni. Kuacha kitabu si kushindwa. Pengine ni cha mwaka ujao.

Mama yetu aliazima sungura wa jirani yake. Hatukumwuliza kitu mpaka mkutano uliofuata. Alifika amechelewa, akatuambia sababu: mtoto alimshika kitenge mlangoni, akakataa kumwachilia mpaka amwambie kama Leuk amemtoroka fisi. “Na ulimwambia?” tukauliza. Akasema hapana, alimwambia mangaribi.

Mkutano ujao, kila mmoja alete kitabu kimoja alicho nacho, hata kama kimechanika. Tutakipima pamoja kwa majaribio matano, na tutapanga zamu.